Majumba Yaliyopata Kazi Isiyopangwa

Jumuiya ya Afrika Mashariki iliposambaratika katikati ya mwaka 1977, kila nchi ilishika kilichokuwa karibu na mkono wake. Ndege nyingi za shirika la pamoja zilikuwa Nairobi, zikabaki Nairobi. Tanzania ilikuwa imeshafunga mpaka wake na Kenya tangu Februari, na haikuufungua hadi mwaka 1983. Ugomvi wa nani achukue nini uliendelea mpaka Mei 1984, mkataba wa kugawana mali ulipotiwa saini mjini Arusha baada ya usuluhishi wa Victor Umbricht, mwanadiplomasia wa Uswisi.

Mali moja, hata hivyo, haikuweza kurushwa wala kuvutwa kwa reli. Ni jumba la makao makuu ya Jumuiya, pale Arusha, lenye mabawa matatu yanayoitwa Kilimanjaro, Serengeti na Ngorongoro. Lilijengwa liwe ofisi za watumishi wa nchi tatu. Watumishi wakarudi makwao, Tanzania ikabaki na vyumba vitupu katika mji ambao wakati huo ulijulikana zaidi kwa kahawa, watalii wa mbugani na Azimio la Arusha la 1967.

Mwaka 1978 serikali ikaanzisha shirika la umma la kuliendesha: Kituo cha Kimataifa cha Mikutano cha Arusha, ambacho wengi wanakitaja kwa herufi zake tu, AICC. Shirika hilo lilikabidhiwa ukumbi na ofisi, likakabidhiwa pia nyumba za watumishi na hospitali. Ndiyo maana hadi leo kuna wakazi wa Arusha ambao mwenye nyumba wao ni shirika la mikutano, na wagonjwa wanaotibiwa katika hospitali yenye jina hilohilo.

Ukiwasikiliza watu wa utalii wanavyozungumza siku hizi kuhusu utalii wa mikutano, unaweza kudhani kwamba kumbi zetu kubwa zilijengwa kwa hesabu za biashara. Hesabu hizo zilikuja baadaye. Zile mbili za mwanzo, ya Nairobi na ya Arusha, zilianza kama majengo ya siasa, zikaingia kwenye biashara ya wageni kwa mlango wa nyuma.

Jumba la Nairobi, Kituo cha Kimataifa cha Mikutano cha Kenyatta, lilitangulia. Wazo la kwanza lilikuwa kujenga makao makuu ya chama cha KANU. Kazi ilianza mwaka 1967, michoro ikiwa mikononi mwa Karl Henrik Nøstvik, msanifu kutoka Norwei, akishirikiana na David Mutiso, msanifu Mkenya aliyekuwa serikalini. Kisha ikaja habari iliyobadili kila kitu: Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa wangefanya mkutano wao wa mwaka Nairobi mwaka 1973. Mashirika hayo hukutana Washington miaka miwili mfululizo, wa tatu yakatoka nje, na hayakuwa yamewahi kuuleta mkutano huo Afrika. Ofisi za chama zisingetosha. Kilichosimama mwishowe ni mnara wa ghorofa 28, mita 105 kwenda juu, wenye mgahawa unaozunguka kileleni na ukumbi wa duara pembeni, ambao paa lake lina umbo la pia.

Jumba lilifunguliwa Septemba 1973, mwezi uleule wa mkutano. Humo ndimo Robert McNamara, rais wa Benki ya Dunia, alipotoa hotuba yake maarufu kuhusu umaskini uliokithiri, akataka uzalishaji wa wakulima wadogo ufikie ukuaji wa asilimia 5 kwa mwaka itakapofika 1985. Lengo hilo lina historia yake ya kusikitisha, si ya leo. Kwa biashara ya mikutano, lililokuwa na uzito ni kwamba mawaziri wa fedha wa dunia nzima walifika, wakalala, wakala, wakakalimaniwa na kurudi kwao salama. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa nalo lilianzia kazi zake ndani ya jumba hilo kabla ya kuhamia Gigiri. Mwaka 1976 ikaja UNCTAD, mkutano wa Umoja wa Mataifa wa biashara na maendeleo, mwezi Mei, na kabla mwaka haujaisha ukaja mkutano mkuu wa UNESCO.

Mtihani mkubwa zaidi ulikuwa Julai 1985, Mkutano wa Dunia wa Wanawake. Wajumbe wa serikali walikutana katika jumba la Kenyatta, na wanawake zaidi ya 10,000 wa asasi zisizo za kiserikali wakafurika Chuo Kikuu cha Nairobi, mwendo mfupi kwa miguu. Ukumbi ulitosha; vitanda havikutosha. Baadhi ya wanawake waliokuwa wameshapanga hoteli waliambiwa wawapishe wajumbe rasmi, wao waende mabweni ya wanafunzi. Yeyote aliyewahi kuandaa kongamano anaijua adha hiyo: ukumbi ni mmoja, lakini mgeni anahitaji kitanda, gari la kumtoa uwanja wa ndege, chai ya saa nne, mkalimani asiyechoka kibandani, na mtu wa kumwambia choo kiko wapi.

Jumba lenyewe halikuepuka siasa zilizolizaa. Mwaka 1989 lilipitishiwa mikononi mwa KANU, na serikali mpya ya muungano wa Narc ikalirudisha kwa umma Februari 2003.

Arusha ilichelewa kupata wageni wakubwa, na ilipowapata, walikuja na mambo mazito. Agosti 1993 mji huo ulishuhudia kutiwa saini kwa makubaliano ya amani ya Rwanda, yaliyoshindwa kuzuia mauaji ya kimbari miezi minane baadaye. Novemba 1994 Baraza la Usalama likaunda Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, na Februari 1995 likaamua makao yake yawe Arusha. Kigali na Nairobi nazo zilikuwa zimetazamwa. Arusha ilikuwa na kitu adimu: jengo lililo tayari, lenye ofisi, katika nchi jirani isiyokuwa sehemu ya vita.

Vyumba vilivyokusudiwa makarani wa Jumuiya vikageuzwa mahakama, zenye vibanda vya wakalimani na vioo vya kutenganisha wasikilizaji na mashauri. Shahidi alieleza kwa Kinyarwanda, majaji wakasikiliza kwa Kifaransa au Kiingereza. Tarehe 2 Septemba 1998, Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba, alitiwa hatiani humo, na ikawa mara ya kwanza mahakama ya kimataifa kumhukumu mtu kwa kosa la kimbari. Watu 93 walishitakiwa kabla Mahakama hiyo haijafunga milango mwisho wa 2015. Kwa miaka ishirini AICC ilikuwa na mpangaji ambaye kodi yake haikutegemea msimu wa watalii, na wafanyakazi wake walihitaji nyumba, shule na masoko. Ni vigumu kuandika sentensi hiyo bila kusita, lakini hesabu za mji ndivyo zilivyokuwa.

Mazungumzo ya amani ya Burundi yaliingia katikati ya kipindi hichohicho. Mwalimu Nyerere aliyaongoza Arusha kuanzia 1998 hadi alipofariki Oktoba 1999, nafasi yake ikachukuliwa na Nelson Mandela, na makubaliano yakatiwa saini tarehe 28 Agosti 2000, Rais Bill Clinton akiwa miongoni mwa mashahidi. Vyama vilikuwa vingi, vikao vikarefuka, na wakati ule walikuwepo walionung'unika kwamba posho ya kila siku haimpi mjumbe sababu ya kuharakisha amani. Manung'uniko hayo hayajapungua katika warsha zetu.

Kisha likatokea jambo ambalo mwandishi wa tamthilia angeona haya kulibuni. Mkataba mpya wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulisainiwa Arusha tarehe 30 Novemba 1999, na sekretarieti yake ikahitaji ofisi. Ikapewa ndani ya AICC. Jumuiya ikarudi katika jumba lililojengwa kwa ajili yake, safari hii kama mpangaji, na ikakaa hadi jengo lake jipya, lililogharimiwa na Ujerumani, lilipozinduliwa Novemba 2012.

Ndani ya miaka michache, basi, wapangaji wawili wakubwa waliondoka. Wakati huohuo zilianza kuinuka kumbi zilizojengwa makusudi kwa mikutano. Dar es Salaam ilipata kituo chenye jina la Mwalimu Nyerere, kilichojengwa kwa msaada wa China, na Rais Xi Jinping wa nchi hiyo akahutubia humo Machi 2013. AICC ndiyo inayokiendesha. Kigali ilifungua jumba lake la kuba mwaka 2016, lenye ukumbi wa viti 2,600 na hoteli ubavuni, na Juni 2022 ikawapokea wakuu wa Jumuiya ya Madola. Rwanda ilikuwa imeshaunda ofisi maalumu ya kutafuta mikutano miaka miwili kabla jumba hilo halijakamilika, na leo mshindani anayeisumbua Arusha zaidi ni mji mkuu wa nchi ileile ambayo mashauri yake yaliijaza AICC kwa miaka ishirini.