Magoti ya Ijumaa Kuu: Ukristo na Uyahudi katika Butembo na Beni

Historia ya Kanisa Katoliki katika Butembo na Beni huandikwa mara nyingi kwa kutazama shule, hospitali na mamlaka. Makala haya yanatazama jambo dogo zaidi: magoti ya waumini siku ya Ijumaa Kuu, katika nchi ya Wanande ambako Myahudi hujulikana kwa Maandiko kuliko kwa sura.

Misale ya Kirumi ilikuwa moja ulimwenguni kote, kwa Kilatini. Siku hiyo waliombewa Papa, wakatekumeni, wazushi na wapagani, na kwa kila ombi watu walipiga magoti. Ilipofika zamu ya Wayahudi, walioitwa perfidis, yaani wasioamini au, kama wengi walivyolifasiri neno hilo, wahaini, hakuna aliyepiga goti. Mkulima asiyejua Kilatini hakulisikia tusi; alichoweza kuona ni kwamba kundi moja halikustahili goti lake.

Walioileta ibada hiyo nao walikuwa na historia yao. Mapadre wa Moyo Mtakatifu, waliotangulia, walianzishwa na Mfaransa Léon Dehon, ambaye katika maandishi yake kuhusu jamii aliwashutumu Wayahudi. Mapadre wa Asumpsioni, waliolipokea eneo hilo mwaka 1929, ni wa shirika lililoanzisha gazeti la La Croix, ambalo mwaka 1890 lilijisifu kuwa ndilo lililowapinga Wayahudi kuliko magazeti yote ya Ufaransa. Sisemi kwamba wamisionari walifika Beni na gazeti hilo mkobani. Lakini mwaka 1929 ukifundishwa kuwa mwanzo, mwaka 1890 nao hauna budi kufundishwa.

Mageuzi yalianzia magotini. Kwa agizo la Pius XII la Novemba 1955, kuanzia Juma Kuu la 1956 waumini walipiga magoti kwa ombi hilo pia. Mwaka 1959 Yohane XXIII aliliondoa neno perfidis. Mwaka huohuo Vikarieti ya Beni ikawa jimbo. Tarehe 28 Oktoba 1965 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulikana, katika tamko la Nostra aetate, kwamba Wayahudi wote, wa zamani na wa leo, wana hatia ya mauti ya Kristo. Misale ya 1970 ikawataja kuwa ndio waliotangulia kusikia neno la Mungu.

Waumini wa Butembo-Beni walipoanza kuadhimisha Ijumaa Kuu kwa lugha wanazozielewa, tusi lilikwisha kuondoka. Kwa maoni yangu, hapo ndipo penye utata: lililoingia bila kusikika liliondoka bila kujadiliwa, na swali la nani alimwua Kristo likabaki bila kuulizwa upya.

Ufaransa mjadala ulikuwa wa hadhara. Januari 1998, miaka 100 baada ya barua ya Émile Zola ya kumtetea Dreyfus, La Croix lilikiri na kutubu yale liliyoyaandika. Mwaka 2005, kutangazwa kwa Dehon kuwa mwenye heri, kulikokwisha kupangiwa siku, kuliahirishwa kwa sababu ya maandishi yake.