Nasaba ya Wakilindi na Nasaba Zisizoandikwa

Lugha yetu inashuhudia jinsi wazee wetu walivyoujali ukoo. Baada ya mwana na mjukuu inamtaja kitukuu, kisha kilembwe, kisha kilembwekeza; na ukoo wenyewe inaugawa kwa milango na matumbo. Watu wasiojali nasaba wasingehitaji maneno haya yote. Katika makala hii tunakusudia kuitazama nasaba moja iliyohifadhiwa vizuri, nayo ni ya Wakilindi wa Usambara, ili tuone inatufundisha nini na inatuficha nini.

Masimulizi yanaanza na Mbegha, mwindaji kutoka Nguu. Husemwa kwamba alikuwa kigego, yaani mtoto aliyeota meno ya juu kwanza, na kwa sababu hiyo jamaa zake walimnyima urithi. Akaondoka, akawa mwindaji wa nguruwe mwitu, hata akafika katika milima ya Usambara. Huko aliwagawia wenyeji nyama, nao wakampa chakula cha mashamba yao. Alipoua simba alipata jina la Simba Mwene, akatawazwa Vuga. Wanahistoria hukadiria kwamba hayo yalitokea katika karne ya 18. Basi ukoo uliokuja kujivunia nasaba kuliko koo zote za nchi ile ulianzishwa na mtu aliyekataliwa na jamaa zake mwenyewe.

Utawala huo haukusimama kwa baba peke yake. Mbegha alipewa wake na watu wa mahali mbalimbali, na watoto waliozaliwa walikuwa na wajomba zao katika nchi waliyoitawala. Wenyeji waliweza kusema kwamba mtawala huyu si mgeni, bali ni mpwa wetu. Hata hivyo, tunapoihesabu nasaba ya Wakilindi tunahesabu wanaume: Mbegha, Bughe mwanawe, na wengine hata tufike kwa Kimweri ye Nyumbai. Nguzo ya mama iliibeba nyumba, lakini jina la nyumba likawa la baba.

Kimweri ndiye aliyekuwa mashuhuri kupita wote. Mmisionari Krapf alimzuru Vuga mwaka 1848, akarudi tena mwaka 1852. Mzee huyo alipofariki mwaka 1862, kiti kilikwenda kwa mjukuu wake Shekulwavu, kwa kuwa Mnkande, baba yake Shekulwavu, alikuwa amekwisha kufa. Semboja, mwana wa Kimweri, hakuridhika. Yeye alikaa Mazinde, chini ya milima, penye njia ya misafara, akapata bunduki kwa wingi. Akamfukuza mwana wa nduguye kutoka Vuga, akamweka mwanawe mwenyewe. Nasaba ileile ikawa hoja ya pande zote mbili: huyu alidai haki ya mjukuu wa mkubwa, na yule haki ya mwana aliye hai. Mwaka 1869 Wabondei nao waliasi wakaukataa utawala wa Wakilindi katika nchi yao, na siku zile kuwa mtoto wa Mkilindi huko Bondei kulikuwa hatari.

Habari hizi tunazijua kwa sababu ziliandikwa. Mwishoni mwa karne ya 19 Abdallah bin Hemedi bin Ali Ajjemy, aliyewajua watawala hao kwa karibu, alianza kutunga Habari za Wakilindi kwa Kiswahili, nacho kitabu hicho kikachapishwa tena mwaka 1962. Tunamshukuru sana. Lakini katika vita hivyo hivyo watu wengi wasio na cheo walitekwa, wakateremshwa Pangani, wakauzwa pwani na visiwani. Huko walipewa majina mapya, na watoto wao wakazaliwa mbali na makaburi ya babu zao. Vita vilivyoongeza kurasa katika habari za watawala ndivyo vilivyokata nasaba za raia.

Wahenga walisema kwamba mwacha asili ni mtumwa. Methali hii ni ya kweli kwa yule aliyeidharau asili yake kwa hiari. Lakini mateka wa Usambara hawakuiacha asili; walinyang'anywa. Kwa hiyo asiyeweza kutaja majina ya babu saba asidharauliwe, kwa kuwa huenda kimya chake ndicho urithi pekee alioachiwa na vita.

Utawala wa machifu uliondolewa Tanganyika mwaka 1963, na tangu hapo hakuna atafutaye nasaba ili apate kiti. Hilo si hasara. Sasa twaweza kuitafuta nasaba kwa ajili ya ujuzi tu, na kila ukoo una haki sawa ya kuandikwa. Yafaa vijana wawaulize wazee wao mapema, maana mzee akifa hazina yake huzikwa naye. Wawaulize majina ya bibi pamoja na ya babu, mahali walikotoka, na sababu iliyowaondoa. Na pale uzi unapokatika, waandike hapo kwamba umekatika, wala wasiuunganishe kwa jina la kubuni ili kujipatia fahari. Pengo lililoandikwa kwa ukweli ni sehemu ya historia ya taifa letu kama lilivyo jina la Simba Mwene.