Kutoka Pauni 3 hadi Alama 3,000: Namna Klabu za Australia Zinavyompima Mchezaji

Mwaka 1930 Ligi ya Kandanda ya Victoria ilipitisha kanuni iliyokuja kujulikana kama Sheria ya Coulter: mchezaji asilipwe zaidi ya pauni 3 kwa mechi, awe nyota wa timu au mziba pengo. Nia ilikuwa kuzizuia klabu tajiri zisizoe kila mwenye kipaji. Wenye fedha, kama kawaida yao, walitafuta njia za pembeni. Hata hivyo swali lililoibua kanuni ile halijawahi kuondoka mezani: mchezaji ana thamani gani, na nani mwenye haki ya kumpata?

Mchezo wenyewe, kandanda ya Kiaustralia, una kanuni zilizoandikwa Melbourne mwaka 1859. Mpira ni wa umbo la yai, uwanja ni duaradufu, kila timu ina watu 18 uwanjani, na magoli yana nguzo nne zisizo na mtambaa panya. Ligi ilianza kuchezwa mwaka 1897 kwa klabu nane za Melbourne na jirani yake Geelong. Msomaji aliyezoea vurugu za usajili wa Simba na Yanga atashangaa kusikia kwamba kwa miongo mingi kijana wa huko hakuchagua klabu. Anwani yake ndiyo iliyomchagulia. Tangu 1915 mitaa ya Melbourne iligawanywa kwa klabu, na mwishoni mwa miaka ya 1960 zikagawanywa wilaya za mashambani pia. Hapo bahati ikawa kubwa kuliko ujuzi. Hawthorn ilipewa ukanda wa Mornington, ukanda huo ukaitolea Leigh Matthews, mmoja wa wachezaji wakubwa kuliko wote katika historia ya mchezo huo.

Kulikuwa na mlango mwingine: mtoto kurithi klabu ya baba. Kanuni hiyo ya 1949 inahusishwa zaidi na Ron Barassi, ambaye baba yake, mchezaji wa Melbourne, aliuawa vitani Tobruk mwaka 1941. Kijana alikua, akavaa jezi ya Melbourne, akawa nahodha wa mabingwa. Halafu mwaka 1964, kwa mshtuko wa mashabiki, akahamia Carlton kama kocha mchezaji. Damu ilimfungulia mlango wa kuingia, haikumzuia kutoka.

Mipaka ilianza kuvuja mwaka 1972, ligi iliporuhusu mchezaji aliyetumikia klabu miaka kumi aondoke bure. North Melbourne, ambayo haikuwa imewahi kutwaa ubingwa, ilikurupuka kuwachukua Doug Wade, Barry Davis na John Rantall. Mwaka 1975 ikabeba taji lake la kwanza, Davis akiwa nahodha. Kanuni yenyewe ilifutwa ndani ya miezi michache, maana ilikuwa imefanya kazi kupita kiasi. Kisha klabu ya South Melbourne ikahamishiwa Sydney mwaka 1982, na mchezaji wake kijana, Silvio Foschini, akagoma kuhama. Alitaka St Kilda. Kesi ikafika Mahakama Kuu ya Victoria, na mwaka 1983 jaji akaamua kwamba kanuni za uhamisho za ligi zilikuwa zinamnyima mtu haki ya kufanya kazi yake.

Baada ya hapo ligi haikuwa na budi kubuni utaratibu mpya. Drafti ya kitaifa ilianza mwaka 1986: timu iliyomaliza mkiani inachagua mchezaji kwanza, bingwa anachagua mwisho. Chaguo la kwanza kabisa lilikuwa Martin Leslie wa Port Adelaide, aliyechukuliwa na Brisbane Bears. Ukomo wa jumla ya mishahara nao ukawekwa, na mwaka 1990 ligi ikabadili jina kuwa ya Australia nzima. Kwa maelezo ya kawaida, utaratibu huu uliletwa ili kusawazisha maskini na tajiri. Mimi naona ulifanya jambo jingine pia: uliigeuza elimu ya mpira kuwa sarafu. Fedha zilipofungwa kamba, aliyebaki na nguvu ni yule mwenye jicho.

Ushahidi mzuri ni Oktoba 2001. Fremantle ilikuwa imefunga mkia, mechi mbili tu za ushindi msimu mzima, na mkononi ilikuwa na chaguo namba 1. Viongozi wake walichoka kungoja vijana wakue. Wakaipa Hawthorn chaguo namba 1, namba 20 na namba 36, wakachukua wachezaji wawili: Trent Croad, ambaye kila mtu alimjua, na Luke McPharlin, aliyekuwa na mechi chache mno. Hawthorn ikamchagua Luke Hodge. St Kilda ikamchukua Luke Ball. Chris Judd, ambaye mabega yake yalitia watu wasiwasi, akaangukia West Coast kwenye chaguo la tatu. Akaja kushinda medali ya Brownlow ya mchezaji bora wa msimu mara mbili, 2004 na 2010.

Kwa hiyo Hawthorn ilikosea? Mjadala huo haujaisha, na kwa maoni yangu umewekwa mahali pasipo pake. Hodge alitwaa mataji manne na mara mbili akawa mchezaji bora wa fainali. Lakini wizi halisi wa biashara ile ni chaguo namba 36. Hawthorn ilimchukua Sam Mitchell, mfupi asiye na mbio, ambaye mwaka uliotangulia klabu zote zilimpita. Saa ya kupimia mbio za mita 20 haikuwa na la kusema juu yake. Kilichomtofautisha ni kwamba mguu wa kushoto na wa kulia kwake ilikuwa kitu kimoja, na alijua mpira utaangukia wapi kabla ya wengine. Mwaka 2008 alikuwa nahodha wa mabingwa. Croad alikuwa ameshaondoka Fremantle kurudi Hawthorn. Alicheza fainali hiyo hiyo, akavunjika mguu, na hakucheza tena.

McPharlin, aliyeonekana kama nyongeza tu, ndiye aliyeilipa Fremantle. Alidumu hapo zaidi ya miaka kumi na akafika nayo fainali ya 2013. Huko akawakuta Hodge na Mitchell. Hawthorn ilishinda 77 kwa 62.

Carlton ni somo la upande wa pili. Mwaka 2002 ilibainika imevunja ukomo wa mishahara. Ikatozwa faini ya dola 930,000 na kunyang'anywa chaguo namba 1 na namba 2. Baadaye ikapata chaguo la kwanza miaka mitatu mfululizo: Marc Murphy 2005, Bryce Gibbs 2006, Matthew Kreuzer 2007. Watatu hao walikuwa wachezaji wazuri kweli. Mwaka huo wa 2007 ikamnunua Judd pia, ikimtoa kijana Josh Kennedy pamoja na chaguo namba 3 na namba 20. Kennedy akaifungia West Coast zaidi ya magoli 700 na kutwaa nayo taji la 2018. Carlton haijawa bingwa tangu 1995.

Siku hizi ubashiri umevishwa hesabu. Tangu 2015 kila chaguo lina alama: la kwanza lilipewa 3,000, la pili 2,517, na klabu inayotaka mtoto wa mchezaji wake wa zamani hulipa kwa alama hizo, kwa punguzo. Klabu zikajifunza upesi kukusanya machaguo ya chini yasiyo na maana na kuyajumlisha. Ndivyo Collingwood ilivyompata Nick Daicos, mtoto wa mchezaji wake wa zamani, kwenye nafasi ya nne mwaka 2021, na miaka miwili baadaye ikawa bingwa. Ulikuwa ujanja halali, na haukuwa wa haki.

Jedwali hilo la alama lingemwambia nini mtu juu ya Aliir Aliir? Alizaliwa katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, kaskazini mwa Kenya, akahamia Australia akiwa mtoto. Sydney ilimchagua mwaka 2013, namba 44. Mwaka 2020 ikamwachia Port Adelaide kwa chaguo moja la raundi ya pili. Msimu uliofuata, 2021, Aliir akateuliwa kwenye kikosi bora cha Australia nzima. Sydney ilimuuza kwa bei ya chini mno.