Nani Aliyepiga Simu?

Historia ya simu imeandikwa zaidi na walioieneza kuliko walioilipia. Twasoma habari za nyaya zilizolazwa chini ya bahari, za mitambo na za makampuni. Lakini habari za mtu aliyepokea ankara ya mwisho wa mwezi akaona humo deni asilolijua ni nadra kuzikuta. Insha hii yamhusu mtu huyo. Yahusu muda wa miaka kama kumi, tangu 1996 hadi karibu na 2006, ambapo kompyuta za nyumbani katika Marekani na Ulaya zilikuwa zikipiga simu zenyewe kwenda nchi ambazo wenye nyumba pengine hawakupata kuzisikia, na wenye nyumba wakadaiwa.

Wanafunzi wengi wa leo wamezaliwa baada ya desturi ya zamani hizo kupita, kwa hiyo yafaa niieleze. Kompyuta iliunganishwa na kifaa kiitwacho modemu, na modemu ikaunganishwa na waya uleule wa simu ya sebuleni. Mtu alipotaka kuingia katika intaneti, modemu ilipiga namba ya kampuni iliyompa huduma, aghalabu namba ya mjini kwake yenye gharama ndogo. Mlio wa kukwaruza ulisikika, kisha mashine mbili zikaanza kusemezana. Muda wote huo simu ilikuwa imefunguliwa na kampuni ya simu ikihesabu dakika. Namba ya kupigwa ilikuwa imeandikwa ndani ya kompyuta, na aliyeweza kuibadili bila ya kuonekana alikuwa ametia mkono katika mfuko wa mwenye nyumba.

Mkono huo ulipita mara nyingi katika madirisha ya matangazo, yale yanayochomoza juu ya ukurasa bila ya kuitwa. Asili yake haikuwa ya uovu. Ethan Zuckerman, aliyefanya kazi katika kampuni ya Tripod katika miaka ya 1990, alieleza mwaka 2014 katika jarida la The Atlantic kwamba yeye ndiye aliyeandika maagizo ya kufungua dirisha la namna hiyo, akaomba radhi. Kampuni moja ya magari ilikuwa imechukizwa kuona tangazo lake limekaa juu ya ukurasa wenye mambo ya faragha ya kitandani. Ikaonekana vema tangazo lipewe dirisha lake pembeni, lisihesabiwe kuwa sehemu ya ukurasa. Baada ya miaka michache madirisha hayo yalikuwa yakizaana. Ukifunga moja, mawili yalifunguka. Mengine yaliuliza swali lenye majibu mawili, ndiyo na hapana, na aliyejibu hapana aliulizwa tena na tena, hata mkono wake ulipochoka ukabonyeza ndiyo. Kwa neno hilo moja programu ya kupiga simu ilikuwa imekwisha ingia.

Kesi iliyoujulisha ulimwengu jambo hili ilifunguliwa New York mwezi wa Februari 1997 na Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani. Tovuti kadhaa zilikuwa zikiwaahidi watu picha za uchi bila ya malipo, ila kwa sharti kwamba mtazamaji apokee kwanza programu ya kuzionyeshea. Programu hiyo ilifanya kazi kwa ustadi wa kusikitisha. Ilikata simu ya kawaida. Ikanyamazisha spika ya modemu, mlio wa kupiga upya usisikike. Kisha ikapiga namba ya Moldova, kwa gharama ya zaidi ya dola 2 kwa dakika. Mtu aliyeondoka katika tovuti hiyo akaenda kusoma habari za hali ya hewa alikuwa angali akilipia Moldova, na aliendelea kulipia hadi alipozima kompyuta. Tena simu zenyewe hazikufika Moldova. Ziliishia Kanada, jina la Moldova lilitumika kwa sababu ya bei yake tu. Mwezi wa Novemba mwaka huohuo yalifikiwa mapatano ya kuwarudishia watu wapatao 38,000 jumla ya dola milioni 2.74.

Kwa nini nchi ya mbali? Simu ivukapo mpaka, kampuni ya kule inakotoka huilipa kampuni ya kule iendako kiasi fulani kwa kila dakika. Nchi ndogo zenye wapigiwaji wachache zilikuwa na bei kubwa, na baadhi ya makampuni yao yalikubali kuwakodisha namba wafanya biashara wa nje na kugawana nao mapato. Kwa hiyo fedha ya mjane wa Ohio ilipita katika mikono minne au mitano, kila mmoja ukichukua sehemu yake kwa hati halali, na mwizi alikuwa wa mwisho katika safu. Kampuni ya simu ya nyumbani kwa mjane ilikuwa ya kwanza. Jambo hili lastahili kukumbukwa, maana ndilo lililokuja kuamua mambo huko Ujerumani.

Mimi ni mwalimu wa lugha, na nikisoma habari hizi huona kwamba ugomvi wote ulisimama juu ya sarufi. Ankara husema: simu imepigwa, siku fulani, saa fulani, dakika kadhaa. Sentensi hiyo ni ya kutendwa, na mtendaji wake hakutajwa. Kampuni iliisoma kana kwamba imeandikwa: mwenye simu amepiga. Kati ya kauli mbili hizi ipo nafasi ambayo kwa karne nzima ya simu haikumdhuru mtu sana, maana simu haikuweza kupigwa pasipo kidole cha mtu aliyemo nyumbani. Programu hizi ziliingia katika nafasi hiyo. Tena zilisaidiwa na aibu. Baba aliyeona katika ankara namba ya starehe alimtazama mwanawe, mwana akainamisha kichwa, na deni likalipwa kimya, hata kama chanzo chake kilikuwa dirisha lililochomoza katika ukurasa wa mashairi ya nyimbo.

Mafundi walikuwa na desturi yao ya kutengeneza, na nayo ina historia yake. Kwanza waya wa simu ulichomolewa ukutani, kwani programu isiyo na waya haina pa kupiga. Kisha ilitazamwa orodha ya miunganisho ya simu ndani ya kompyuta: ikionekana namba isiyo ya kampuni ya intaneti ya mwenye nyumba, hiyo ndiyo adui. Lakini kuifuta namba peke yake hakukutosha. Programu ilikuwa imejiandikisha katika orodha ya mambo yanayoanza pamoja na kompyuta, na kila ilipowashwa iliirudisha namba mahali pake. Nyingine zilikwenda mbili mbili, ukiua hii ile huifufua. Ndipo zilipotumika programu za kusafisha, kama Ad-Aware ya mwaka 1999 na Spybot Search & Destroy iliyoandikwa na Patrick Kolla, Mjerumani, na kutolewa bure; na kompyuta ikawashwa katika hali ya usalama, ambayo huamsha yale ya lazima tu, ili mwizi afutwe angali amelala.

Lakini hapa palikuwa na mtego ambao mafundi wengi hawakuutambua mapema. Kompyuta ikisafishwa vema, ushahidi huondoka pamoja na uchafu. Mtu aliyekwenda kwa kampuni ya simu akasema, "Programu ndiyo iliyopiga," aliulizwa, "Iko wapi?" Naye alikuwa amelipa fundi kuifuta. Baadhi ya programu zilijifuta zenyewe zikiisha kazi. Huko Ujerumani washauri wa wanunuzi walianza kuwaambia watu wasifute kitu kabla ya kunakili yaliyomo katika diski, wakae na adui ndani ya nyumba mpaka ashuhudiwe. Kwa mtu ambaye simu yake ingali ikila fedha, huo ni ushauri mgumu kuufuata.

Ujerumani ndiko kulikotoka jibu. Sheria iliyoanza tarehe 15 Agosti 2003 ilitaka programu hizo ziandikishwe, bei isizidi Euro 2 kwa dakika, na simu ikatwe ifikapo saa moja. Lakini hukumu iliyokuja baada yake ina uzito zaidi kwa maoni yangu. Kijana wa miaka 16 alikuwa amepokea katika kompyuta faili iliyojidai kuharakisha mwendo wa intaneti. Ilibadili namba kwa siri. Na faili ilipofutwa mabadiliko yalibaki. Mama yake, mwenye mkataba wa simu, alidaiwa takriban Euro 9,000 kwa simu za mwaka 2000. Tarehe 4 Machi 2004 Mahakama Kuu ya Shirikisho katika Karlsruhe iliamua kwamba hapaswi kulipa. Sababu zake mbili ni za kuangaliwa. Mahakama ilisema kwamba mtu hawajibiki kuikagua kompyuta yake dhidi ya programu hizo pasipo dalili ya hatari; na kwamba kampuni ya simu, kwa kuwa nayo ilikuwa ikipata faida katika namba hizo za gharama, ndiyo iliyostahili kubeba hatari ya matumizi yake mabaya. Hivyo mtendaji aliyekosekana katika ankara hakuweza tena kujazwa kwa jina la mwenye nyumba.

Uingereza nayo, katika mwaka huohuo wa 2004, ilianza kuwadai wenye programu hizo wapate kibali kwanza. Mwezi wa Agosti Microsoft ilitoa toleo la Windows XP lenye kizuizi cha madirisha yanayochomoza. Na intaneti ya kasi, ambayo haipigi namba yoyote, ilikuwa ikienea. Mambo hayo matatu yaliimaliza biashara hii polepole, ingawa kupiga simu kwa modemu kuliendelea kwa wachache: AOL ilifunga huduma yake ya namna hiyo tarehe 30 Septemba 2025.

Ireland ilichukua njia nyingine. Mwezi wa Septemba 2004 mamlaka yake ya mawasiliano iliagiza kwamba simu za kupigwa moja kwa moja kwenda nchi na visiwa 13 zifungwe, kwa kuwa huko ndiko programu zilikokuwa zikipiga. Karibu vyote vilikuwa visiwa vidogo: Tuvalu, Nauru, Kiribati, visiwa vya Cook, Diego Garcia. Wenyeji wa visiwa hivyo hawakuandika programu hata moja kati ya hizo, wala simu nyingi hazikuwafikia. Walikuwa wameazimwa majina tu. Katika orodha hiyo ilikuwamo Komoro. Mngazija aliyekuwa akiishi Dublin majira hayo, akitaka kumjulia hali mama yake Moroni, alikuta njia imefungwa kwa ajili ya simu ambazo si yeye wala mama yake aliyezipiga.