Ng'ombe, Nagios na herufi 160

Leo nataka tuzungumzie kitu ambacho watu wa mitandao hukiona kila siku bila kukitazama: ule ujumbe unaokuamsha usiku kukwambia kifaa fulani kimezimika.

Mwanzoni haukuwa hata na maneno. Itifaki ya SNMP, iliyotolewa Agosti 1988, ilikipa kifaa njia ya kupiga kelele chenyewe, ila kelele zenyewe zilikuwa namba. Laini ikikatika, ruta hutuma namba 2 na anwani yake. Ikirudi, namba 3. Kujua kwamba hiyo 2 ni ya Kajiado wala si ya Isinya ilikuwa kazi yako.

Mwaka 1996, Mmarekani Ethan Galstad aliandika programu ndogo ya MS-DOS ya kuchungulia seva za Novell, ikituma taarifa kwenye peja. Hizo nazo zilikuwa namba tu. Baadaye akahamia Linux, na mwaka 1999 akaitoa bure kwa jina la NetSaint. Jina likaleta mzozo wa alama ya biashara, hivyo 2002 ikawa Nagios, jina lenye mzaha kwamba haing'ang'anii utakatifu tena.

Kwangu mimi, jambo kubwa alilofanya ni hili: ujumbe hakuufungia ndani ya msimbo. Aliuacha kwenye faili la mipangilio, kama amri ya kawaida, wenye nafasi za kujazwa kama $HOSTNAME$ na $HOSTSTATE$. Toleo la 3 la mwaka 2008 likaongeza kwamba unaweza kubuni nafasi zako. Andika _MAHALI kwenye maelezo ya kifaa, kisha uitumie kama $_HOSTMAHALI$. Hakuna anayekulazimisha kuandika Kiingereza.

Sasa tuje nyumbani. Niliwahi kusaidia mtandao mdogo usiotumia waya: seva ya Nagios Nairobi, mnara Kitengela, mwingine Kajiado mjini, kama kilomita 50 mbele kwenye barabara ya Namanga. Fundi wa Kajiado alikuwa mzee wa umeme, si wa Linux. Usiku mmoja akapata SMS yenye neno UNREACHABLE, akapanda boda saa nane hadi mnarani. Akanipigia.

"Kijana, mbona huku kila kitu kinawaka?"

"Pole sana mzee. Iliyozimika ni Kitengela."

Kwa Nagios, DOWN maana yake kifaa chenyewe kimekufa. UNREACHABLE maana yake kilicho mbele yake ndicho kimekufa, kwa hiyo hiki hakionekani. Kwenye skrini ni tofauti ya neno moja. Kwa mzee aliye kwenye baridi ya Kajiado ni usiku mzima. Basi nikaandika skripti yenye jumbe mbili: "Kajiado IMEZIMIKA, nenda" na "Kajiado HAIFIKIKI, tatizo liko Kitengela, usitoke". Na _MAHALI ya Kitengela nikaiandika wanavyoiita wenyeji: mnara wa zizi la ng'ombe.

Hapo ndipo nilipojiumiza. Amri yangu ilizungushia maneno alama za nukuu moja, na ritifaa ya ng'ombe ni alama ileile. Umeme ulipopotea Kitengela, Linux iliona nukuu imefungwa katikati ya neno, ikakwama. Nagios iliandika kwenye logi kwamba imetoa taarifa. Hakuna simu iliyolia, na wateja walikaa bila mtandao hadi asubuhi. Kosa langu, si la Galstad.

Nikajaribu ujanja wa kuweka ritifaa iliyopinda, ile ya Word. Ujumbe ukafika umekatwa vipande viwili! Sababu ina historia yake. Mwaka 1985 Mjerumani Friedhelm Hillebrand alipendekeza herufi 160 kwa SMS, na baiti 140 zinatosha hizo kwa sababu kila herufi inachukua biti 7. Ritifaa iliyonyooka imo katika orodha hiyo ya herufi. Iliyopinda haimo, na ikiingia moja tu, ujumbe wote unahamia biti 16 na unabaki na herufi 70.

Dawa yenyewe ni kufunga nukuu, kuweka ritifaa yenye mkwaju, kisha kuifungua tena: '\''. Ilifanya kazi. Nilipomweleza mzee akacheka, akauliza kwani singeandika tu "zizi".