Mkate Senti Saba, Mfuko Mtupu

Ndugu msomaji, juma lililopita nilipokuwa natoka studio, mzee mmoja, msikilizaji wetu wa siku nyingi, alinisimamisha langoni. Mkononi alikuwa na kikaratasi alichokiandika mwenyewe kwa kalamu ya wino: mkate wa ratili moja, senti 7, mayai dazeni moja, senti 29, siagi ratili moja, senti 28. Mjukuu wake ndiye aliyempa bei hizo, akamwambia ni za Marekani, mwaka 1933.

"Mwanangu," akaniambia, "hawa ndio mnaotusimulia redioni kwamba walikuwa na dhiki? Kwa bei hizi mimi ningenenepa!"

Nilicheka, nikamwahidi kwamba nitamjibu hewani. Nilipofika nyumbani niliona kwamba swali lile halikuwa la kuchekwa hata kidogo, kwani sisi watangazaji ndio tunaowazoesha watu kusikia bei bila kusikia kitu kingine. Hebu basi tuzieleze bei za mzee wetu.

Bei hizo ni za kweli. Siagi iliyouzwa kwa senti 28 mwaka 1933 ilikuwa ikiuzwa kwa karibu mara mbili ya hapo mwaka 1929. Kwa jumla, gharama ya maisha nchini Marekani ilishuka kwa karibu robo nzima katika miaka minne. Lakini katika miaka hiyo hiyo, mfanyakazi wa kiwandani aliyekuwa akipata kama dola 25 kwa juma alifikia kama dola 17. Naye huyo alikuwa mwenye bahati, maana alikuwa na kazi. Ilipofika mwaka 1933, mtu mmoja kati ya kila wanne waliohitaji kazi hakuwa nayo. Hao ni karibu watu milioni 13. Kwa mtu wa namna hiyo, mkate wa senti 7 na mkate wa senti 70 ni mamoja.

Mambo yalianzia katika soko la hisa la New York mwezi Oktoba 1929. Watu walikuwa wamenunua hisa kwa fedha za kukopa, wakiamini kwamba bei itapanda milele. Tarehe 24 iliyumba, na tarehe 29 ikaporomoka. Waliokuwa na hisa walikuwa wachache, lakini tajiri akifunga mkoba, kiwanda hupunguza watu. Watu wakipunguzwa, duka hukosa wateja. Duka likikosa wateja, kiwanda hupunguza tena. Ndiyo maana bei zilishuka. Hazikushuka kwa ukarimu wa mtu, bali kwa kuwa bidhaa zilikuwepo na wanunuzi hawakuwepo.

Mji wa New York wa mwaka 1930 ulijaa wanaume waliovaa suti na tai, wamesimama pembeni mwa barabara wakiuza tufaha moja moja kwa senti 5. Juzi walikuwa makarani. Waliofukuzwa nyumbani kwa kushindwa kodi ya pango walijenga vibanda vya mabati na maboksi, na mitaa hiyo ya vibanda wakaibandika jina la Rais wao, Herbert Hoover, wakaiita "Hooverville". Gazeti kuukuu la kujifunikia usiku wa baridi waliliita blanketi la Hoover, na mfuko wa suruali uliogeuzwa nje, hauna kitu, waliuita bendera ya Hoover. Mwenye njaa naye hupenda utani.

Kule mashambani mambo yalikuwa ya ajabu zaidi. Ngano, iliyompa mkulima kama dola moja kwa busheli, yaani kama kilo 27, mwaka 1932 ilimpa senti 38. Katika sehemu za Iowa watu walichoma mahindi jikoni badala ya makaa ya mawe, kwa kuwa yalikuwa rahisi kuliko makaa. Wengine walimwaga maziwa barabarani ili bei ipande, ilhali mjini watoto walipanga foleni ya supu.

Sasa mzee wetu anisikilize vizuri hapa. Tuseme mkulima alikuwa na deni la dola 500 benki. Ngano ilipokuwa dola moja, deni lile lilikuwa ni busheli 500. Ilipofika senti 38, deni lile lile, bila kuongezwa hata senti, likawa busheli zaidi ya 1,300. Bei zinaposhuka deni halishuki, na ndivyo mtu anavyonyang'anywa shamba katika mwaka wa mavuno mema.

Msidhani hayo yalikuwa ya Wamarekani peke yao. Katani ya Tanga wakati ule, kazi yake kubwa duniani ilikuwa kusokotwa kamba za kufungia miganda ya nafaka katika mashamba ya nchi baridi. Mkulima wa ngano alipokosa bei, hakuwa na haja ya kamba, na bei ya katani ikaanguka kwa zaidi ya nusu kati ya mwaka 1929 na 1932. Mabwana wa mashamba walikata mishahara na kupunguza watu. Marehemu babu yangu mzaa mama alikuwa kijana wakati huo, akikata mkonge upande wa Korogwe. Alikuwa akisema kwamba mwaka mmoja nyapara aliwaambia tu kwamba "Ulaya kumeharibika", na kuanzia siku ile kazi ikawa ile ile, lakini mshahara ukawa mwingine. Hadi anafariki dunia hakuna aliyekuwa amemweleza ni nini hasa kilichoharibika huko Ulaya. Na serikali za kikoloni hazikusema kwamba kwa kuwa bei zimeshuka, kodi nayo ishuke. Nchini Kenya kodi ya nyumba ilibaki shilingi 12, ingawa mahindi ya kuuza ili kupata shilingi hizo yalikuwa hayana bei. Ni hesabu ile ile ya busheli, ila huku askari wa kodi ndiye aliyesimama mahali pa benki.

Nakuja sasa kwenye jambo linaloniuma mimi kwa sababu ya kazi yangu.

Desemba 1930, katika mtaa wa Bronx mjini New York, yasimuliwa kwamba mfanyabiashara mmoja mdogo alikwenda katika tawi la benki iitwayo Bank of United States kutaka kuuza hisa zake. Wakamshauri asiziuze. Akatoka akisema benki imekataa kumpa fedha zake. Neno likatoka kinywa hadi kinywa, na kabla ya jioni maelfu walikuwa wamepanga foleni mlangoni. Kesho yake, tarehe 11, benki ile ilifungwa, na watu wapatao 400,000 walikuwa na akiba zao humo. Kweli, ilikuwa na udhaifu wake ndani, lakini uvumi ndio ulioiangusha siku ile. Hadi mwaka 1933 benki zipatazo 9,000 zilikuwa zimekufa nchini humo, na nyingi hazikuwa na bima yoyote ya kumlinda mwenye akiba.

Nakiri jambo hapa. Katika miaka yangu ya mwanzo kazini, nikiwa na diploma mpya mfukoni na sauti ninayoipenda mwenyewe, nilisoma katika taarifa ya saa saba mchana kwamba sukari inaelekea kuadimika mjini. Mtu mmoja tu ndiye aliyeniambia, naye alikuwa mwenye duka. Sikupiga simu ya pili. Ilipofika magharibi, maduka ya mtaani kwangu yalikuwa hayana hata kilo, na iliyobaki ilipanda bei. Sukari haikuwa imeadimika. Mimi ndiye niliyeiadimisha. Mama mmoja muuza maandazi, jirani yangu, siku mbili hakukaanga. Hakunilaumu, maana hakujua kwamba ile sauti ilikuwa yangu. Mpaka leo sijamwambia.

Ndiyo maana naiheshimu sana Jumapili ya tarehe 12 Machi 1933. Rais mpya, Franklin Roosevelt, alikuwa na siku nane tu madarakani, na alikwisha amuru benki zote zifungwe ili zikaguliwe. Usiku ule aliketi mbele ya kipaza sauti akazungumza na watu kwa muda usiozidi robo saa. Hakuhutubia. Aliwaeleza kwa maneno ya nyumbani benki inavyofanya kazi: kwamba fedha unayoiweka haikai sandukuni, bali hukopeshwa, na kwa hiyo haiwezi kutolewa yote kwa siku moja. Akawaambia benki zipi zitafunguliwa na lini, wala hakuahidi kwamba zote zitapona. Inakadiriwa kwamba watu milioni 60 walimsikiliza. Benki zilipofunguliwa siku zilizofuata, watu walipanga foleni tena, lakini safari hii wengi walikuwa wanarudisha fedha. Mwaka huo huo ikapitishwa sheria ya bima ya amana. Neno lisilo na uhakika lilikuwa limefunga benki, na neno lililoelezwa vizuri likasaidia kuzifungua.

Magazeti, ambayo siku zile yaliuzwa senti mbili au tatu, hayakufurahi kuona redio ikisikilizwa namna hiyo. Mwishoni mwa mwaka 1933 wakubwa wa magazeti na wa redio walikutana katika hoteli ya Biltmore, New York, wakakubaliana kwamba redio itangaze habari mara mbili tu kwa siku, dakika tano tano, baada ya magazeti kuuzwa. Mapatano hayo hayakudumu. Mimi ninayesema redioni na kuchapishwa gazetini nasoma habari hiyo kwa kicheko.

Na burudani je? Watu hawakuacha kucheka. Senema ilikuwa kama senti 25 kwa mkubwa na senti 10 kwa mtoto. Wateja walipopungua, wenye majumba walianza kuonyesha filamu mbili kwa tiketi moja, wakauza bisi, na usiku mwingine kila mwanamke aliyeingia alipewa sahani ya bure, hata akakamilisha seti ya vyombo. Asiye na senti 10 alikaa nyumbani na redio, kwani redio ukishainunua haidai tiketi. Mwaka 1930 nyumba nne katika kumi zilikuwa nayo. Mwaka 1940 ni zaidi ya nane.

Kipindi kilichopendwa kuliko vyote mwanzoni mwa miaka hiyo kiliitwa Amos 'n' Andy. Majumba mengine ya senema yalisimamisha filamu ili watu wakisikilize. Kilikuwa ni mchezo wa Wazungu wawili wakiigiza sauti za watu weusi ili wachekwe. Na watu weusi ndio waliokuwa wa mwisho kuajiriwa na wa kwanza kufukuzwa katika dhiki ile. Mwaka 1931 gazeti lao, Pittsburgh Courier, lilikusanya sahihi kupinga kipindi hicho, lakini hakikuondolewa. Walingoja hadi tarehe 22 Juni 1938, redio ile ile ilipotangaza jinsi Joe Louis alivyomwangusha Mjerumani Max Schmeling katika raundi ya kwanza, kwa muda wa dakika mbili na kidogo tu. Mitaa ya Harlem haikulala usiku ule.

Basi mzee wangu, jibu langu ni hili. Ukiletewa bei ya mkate, uliza na mshahara wa anayeununua, uliza deni lake, uliza na kodi yake. Mjukuu wako hakukosea, ila alikuletea nusu ya hesabu. Nusu ya pili ilikuwa kazi yangu, na mara nyingi nimesoma bei za sokoni hewani nikaisahau.

Na yule mama wa maandazi bado yupo mtaani. Kesho asubuhi, nikienda kununua ya chai, nimeazimia kumwambia. Juma lijalo, Mungu akitujalia uzima, nitawaeleza alivyonijibu.