Mdudu, Kosa na Hitilafu: Historia Fupi ya Lugha ya Mafundi wa Kompyuta

Katika kazi ya istilahi ni desturi kuanza na majina ya vyombo. Kompyuta ilipoingia katika maofisi yetu, mjadala ulikuwa juu ya jina la chombo chenyewe: wengine wakasema kompyuta, wengine tarakilishi, wengine ngamizi. Mwaka 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliposhiriki kutoa programu za ofisini kwa Kiswahili, amri za kwenye skrini nazo zikahitaji majina. Kazi hiyo ilikuwa na manufaa makubwa. Lakini mtu akikaa siku moja na mafundi wa kompyuta, ataona kwamba mazungumzo yao mengi hayahusu chombo kinachofanya kazi, bali chombo kilichokataa kufanya kazi. Lugha ya hitilafu hatujaishughulikia vya kutosha, ingawa mara nyingi ndiyo inayoamua nani alaumiwe. Madhumuni ya makala haya ni kueleza asili ya lugha hiyo huko ilikozaliwa, na kuona tunaweza kujifunza nini kwa ajili ya Kiswahili.

Katika Kiingereza, hitilafu ya programu huitwa kwa neno ambalo maana yake ya asili ni mdudu. Wengi hudhani neno hilo lilianza na kompyuta; sivyo. Mvumbuzi Thomas Edison alilitumia katika barua ya mwaka 1878, akieleza matatizo madogo madogo yanayojitokeza baada ya wazo jipya kupatikana. Tarehe 9 Septemba 1947, mafundi wa mashine iitwayo Mark II, katika Chuo Kikuu cha Harvard, walimkuta nondo amenasa ndani ya swichi moja. Wakambandika kwenye daftari la kazi, wakaandika kwa mzaha kwamba safari hii mdudu wa kweli amepatikana. Mzaha huo usingeeleweka kama neno lisingekuwa tayari midomoni mwao. Grace Hopper, aliyefanya kazi na mashine hiyo, ndiye aliyeieneza habari hiyo kwa miaka mingi.

Neno hilo lina wema wake. Maurice Wilkes, ambaye mashine yake ya EDSAC ilianza kazi Cambridge mwaka 1949, alisimulia baadaye jinsi alivyotambua mapema kwamba sehemu kubwa ya maisha yake ingepita katika kutafuta makosa ndani ya programu zake mwenyewe. Palipo na kazi ya namna hiyo, neno lisilomtia mtu aibu hurahisisha mambo: fundi husema kuna mdudu, wenzake wakakusanyika kumtafuta, pasiwe na ugomvi. Lakini wema huo una gharama. Mwaka 1988 mtaalamu wa Kiholanzi, Edsger Dijkstra, alidai neno hilo liachwe na badala yake liitwe kosa. Hoja yake ilikuwa kwamba mdudu huingia mwenyewe bila kualikwa, ilhali kasoro ya programu imewekwa na mtu aliyeiandika.

Kwamba mjadala huu si wa maneno matupu, tumeonyeshwa na Uingereza. Kuanzia mwaka 1999, Shirika la Posta la nchi hiyo liliweka katika matawi yake mfumo wa hesabu uitwao Horizon, uliotengenezwa na kampuni ya Fujitsu. Mfumo ukionyesha upungufu wa fedha, msimamizi wa tawi alitakiwa kuulipa. Wasimamizi walipiga simu kwenye dawati la msaada, na wengi wao wameeleza kwamba waliambiwa hakuna mwingine mwenye shida kama hiyo. Kati ya mwaka 1999 na 2015, zaidi ya watu 900 walitiwa hatiani kwa wizi, udanganyifu au hesabu za uongo. Wengine walifungwa, wengine wakafilisika, na wako waliojiua. Sheria nayo haikuwasaidia. Mwaka 1999 Bunge la Uingereza lilifuta kifungu kilichomtaka mwenye kutoa ushahidi wa kompyuta athibitishe kwamba kompyuta ilikuwa ikifanya kazi sawasawa. Tangu hapo mahakama zikachukulia kuwa mashine ni nzima mpaka ithibitishwe vinginevyo.

Mwaka 2013, wachunguzi waliokodiwa na Shirika walipokaribia kutoa taarifa yao, mkuu wa Shirika alitafuta neno la kutaja hitilafu za kompyuta lisiloamsha hisia. Alipendekezewa maneno yenye maana ya jambo lisilo la kawaida au jambo lililo nje ya kanuni, naye akayapenda. Habari hii ilijadiliwa hadharani mbele ya tume ya uchunguzi mwaka 2024. Sisi tunaofanya kazi ya istilahi tuisome kwa makini. Hapa palikuwa na mtu anayeunda istilahi kama tunavyounda sisi, ila lengo lilikuwa kupunguza nguvu ya habari yenyewe. Mnamo Desemba 2019 jaji wa Mahakama Kuu aliamua kwamba Horizon ilikuwa kweli na wadudu, makosa na kasoro, akayataja maneno yote matatu pamoja. Mwezi Mei 2024 Bunge likapitisha sheria ya kufuta hukumu za wahusika kwa mamia.

Je, Kiswahili kina nini? Kina utajiri ambao bado hatujaupanga. Kutafsiri neno la Kiingereza kwa mdudu hakufai, kwa sababu mdudu katika lugha ya mitaani ni pia kijidudu cha maradhi, na msikilizaji atadhani pameingia virusi, jambo ambalo ni jingine kabisa. Kosa linatokana na kukosa, nalo lina mkosaji. Karani akiambiwa kuna kosa, hujiona ameshtakiwa. Kasoro ni upungufu ndani ya kitu chenyewe, kama tusemavyo saa mbili kasorobo: kipande hakijatimia. Hitilafu asili yake ni tofauti. Ni pale kinachoonekana kinapoachana na kilichotarajiwa, kabla sababu haijajulikana.

Kwa hiyo tunapendekeza mgawanyo ufuatao. Hitilafu itumike kwa kile anachokiona mtumiaji na kukitolea taarifa. Kasoro itumike kwa upungufu uliomo ndani ya programu au mtambo, ambao fundi ameuthibitisha. Kosa litumike kwa tendo la mtu tu, awe mtumiaji au mwandishi wa programu. Kwa mpango huu, fomu ya dawati la msaada itaanza na hitilafu, na haitaweza kuandika kosa au kasoro mpaka uchunguzi ufanyike. Mtumishi wa ofisi atakuwa amelindwa na fomu yenyewe.

Majina ya kazi nayo yanahitaji uangalifu. Kabla ya vita vya pili kwisha, neno la Kiingereza tulilolitohoa kuwa kompyuta lilikuwa jina la mtu mwenye kazi ya kukokotoa. Wanawake sita walioandaa programu za mashine ya ENIAC, iliyotangazwa mwaka 1946, waliajiriwa kwa cheo hicho hicho, na kwa miaka mingi hawakupewa sifa waliyostahili. Neno letu fundi halina ufinyu huo: humtaja mshonaji, mwashi na bingwa wa lugha kwa heshima ile ile. Anayepokea simu za hitilafu aitwe fundi wa huduma, wala asifanywe mtu wa chini asiyesikilizwa, kwani yeye ndiye wa kwanza kusikia kwamba hitilafu moja imetokea katika matawi kumi.

Siku hizi mwananchi akifika dirishani huambiwa tu kwamba mtandao unasumbua, hata kama tatizo ni nywila iliyosahauliwa au programu iliyoandikwa vibaya. Kamba hukatikia pembamba, na pembamba pa kila mfumo ni mtu wa dirishani. Walimu wa somo la kompyuta, wafasiri wa miongozo na makarani wa serikali ndio watakaoupima mgawanyo huu katika kazi zao. Tunawaomba watuletee mifano pale utakapofaa na pale utakaposhindwa.